Ukingo Umehama: Kuhesabu Ndege wa Ziwa Nakuru Baada ya Maji Kupanda

Aliyeizoea Nakuru ya kwenye postikadi, akisimama leo Baboon Cliff, ule mwamba wa upande wa magharibi, macho yake hutafuta kwanza utepe wa waridi. Aghlabu haoni, au anaona kipande tu kimejikunyata kwenye kona. Mbele yake yamejaa maji ya kijivu, na ndani ya maji migunga imesimama mikavu, kila tawi limekaliwa na mnandi, ndege mvuvi wa samaki. Hapo ndipo swali linapozuka: heroe wameenda wapi? (Wenyeji wengi watakwambia flamingo, ndege ni yuleyule.) Jibu la haraka ni kwamba wameisha. Mara nyingi jibu hilo limeegemea namba ambayo hakuna aliyeuliza ilipatikanaje.

Kisa tunachokichambua hapa ni hiyo namba. Kila Januari ndege wa maji wa Nakuru huhesabiwa, sambamba na maziwa mengine ya Bonde la Ufa, katika sensa ya kimataifa inayoratibiwa na Wetlands International, shirika la kuhifadhi ardhioevu. Nchini Kenya wanaobeba kazi ni Makumbusho ya Taifa, Shirika la Wanyamapori (KWS), Nature Kenya na watu wa kujitolea. Utaratibu ulijengeka miaka ya 1990, ziwa likiwa dogo, lenye matope mapana na barabara inayolizunguka karibu na maji. Ziwa hilo halipo tena. Ukilihesabu ziwa la sasa kwa vituo vya ziwa la zamani utapata namba, ila itakuwa imeharibika kabla hujainua darubini.

Maji yenyewe

Nakuru haina mto unaotoka. Liko takriban mita 1,760 juu ya usawa wa bahari, linalishwa na Njoro, Makalia na Nderit, pamoja na chemchemi za Baharini upande wa kaskazini-mashariki na maji machafu ya mjini yaliyosafishwa. Yanayoingia huondoka kwa kuvukizwa na jua, basi. Ndiyo maana ziwa hili halijawahi kutulia: katikati ya miaka ya 1990 lilikaribia kukauka kabisa, na hofu ya wakati ule ilikuwa ukame. Kuanzia 2010 mambo yakageuka. Maji yakapanda mwaka hadi mwaka, yakameza lango kuu la hifadhi, ofisi na sehemu kubwa ya barabara ya kandokando. Uchunguzi wa picha za satelaiti uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba kati ya 2009 na 2022 eneo la ziwa liliongezeka kwa asilimia 91, na wastani wa klorofili majini ukashuka hadi nusu.

Klorofili, rangi ya kijani ya mwani, ni kipimo cha wingi wa mwani, na mwani ndio chakula cha heroe mdogo, mmoja wa spishi mbili za heroe wa hapa. Yeye hula mwani wa Spirulina, unaostawi kwenye maji makali ya magadi, na mdomo wake ni kichujio kilichotengenezwa kwa chembe za ukubwa huo. Kwa siku mmoja huhitaji mwani unaokaribia gramu 70 ukikaushwa. Kundi la laki moja, basi, ni kama tani saba kila siku. Mvua zikizimua magadi, mwani huwa haba, na heroe haketi kusubiri hali iwe nzuri. Huruka usiku, na asubuhi yuko Bogoria, au Elmenteita, au amevuka mpaka na kuingia Tanzania.

Heroe mkubwa ana shida nyingine. Yeye hutafuta wadudu na viluwiluwi kwenye tope la chini, kwa hiyo anataka maji yasiyozidi urefu wa miguu na shingo yake. Kina kikiongezeka, tope linakuwa mbali mno na mdomo.

Wakati huohuo wala samaki wanafanya sherehe. Kisamaki cha magadi kilicholetwa kutoka Ziwa Magadi miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kwa lengo la kupunguza mbu, ndicho kilichowavuta mwari hapa kwa maelfu. Maji yalipokuwa mepesi, tilapia wa maji baridi nao wakaonekana. Ziwa la wachujaji likageuka ziwa la wavuvi. Mwenye kuhesabu heroe peke yao ataandika kwamba ziwa limekufa, na fomu ya mwenzake imejaa mnandi, mwari, furukombe na yangeyange hadi nafasi ya kuandikia imekwisha.

Ramani ya zamani, ziwa jipya

Hesabu ya ndege wa ziwa kubwa hufanywa kwa kuugawa ukingo vipande, kila kipande na kikosi chake, wote wakianza kwa wakati mmoja. Mipaka ya vipande iliwekwa kwa vitu vinavyoonekana: mti fulani, kibao, mlango wa kijito, kona ya barabara. Maji yalipopanda vitu hivi vilizama au vikabaki katikati ya ziwa. Matokeo yake ni mawili, na yote ni mabaya. Kikosi cha kipande cha tatu na cha nne, kila kimoja kikikisia mpaka ulipo, huenda vikalihesabu kundi lilelile la katikati. Au kila kimoja kikadhani lile ni la jirani, na lisihesabiwe na yeyote.

Dawa ni kuacha kutumia alama za ukingoni. Weka kila kituo juu, mahali ambapo maji hayatafika, chukua nukta yake ya GPS kwa simu, kisha taja mpaka wa kipande kwa nyuzi za dira kutoka hapo. "Kituo cha Lion Hill, nyuzi 210 hadi 265" ni mpaka usiozama. Ukitaka uhakika zaidi, tafuta kilele cha kilima ng'ambo kinachoangukia kwenye mstari huo, umwonyeshe kila mshiriki siku moja kabla. Vilima vya Nakuru havijahama.

Kazi hii ifanywe mezani wiki moja au mbili kabla ya siku yenyewe. Picha za satelaiti ya Sentinel-2 zinapatikana bure, kila nukta ya picha ikiwa mita 10 ardhini, na satelaiti hupita mahali pamoja kila baada ya siku tano hivi. Chukua picha ya karibuni isiyo na mawingu, chora ukingo wa maji, pima urefu wake. Halafu, na hapa wengi huruka hatua, weka alama kwenye kila sehemu ya ukingo ambayo gari halifiki na hakuna mwinuko wa kuitazama. Sehemu hizo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu maji yameingia ndani ya msitu wa migunga na vichaka. Zamani ulikuwa unasimamisha gari kwenye nyasi fupi, mita 100 kutoka kwenye tope, na mbele yako hapakuwa na kitu. Leo kati ya barabara na maji wazi kuna ukanda wa miti mikavu na matete, na nyuma yake ndege unawasikia tu.

Sasa tuje kwenye fomu. Mahali pasipoonekana paandikwe "halikuonekana". Pasiandikwe sifuri, wala pasiachwe wazi, maana mwenye kuingiza takwimu kwenye kompyuta miezi miwili baadaye ataligeuza pengo kuwa sifuri bila hata kufikiri. Sifuri maana yake ni kwamba mtu alitazama vizuri na hapakuwa na ndege. Kila kipande kiandikwe pia asilimia ya ukingo uliofikiwa na macho. Bila asilimia hiyo, mwaka uliofikia 90 na mwaka uliofikia 55 vitalinganishwa kana kwamba ni sawa, na upungufu wa barabara utasomwa kama upungufu wa ndege.

Fomu iliyojazwa vizuri huonekana hivi (ni mfano, si takwimu ya siku yoyote):

*Kipande 7. Saa 1:10 hadi 2:35 asubuhi. Jua mgongoni, upepo hafifu. Ukingo ulioonekana 60%. Kaskazini ya kijito halikuonekana, miti. Kibisi 41 (mizunguko mitatu: 33, 41, 38). Kukuziwa 260. Mwari 85, wote majini. Saa 2:05 heroe kama 1,200 waliruka kutoka hapa kwenda kusini. Wamo kwenye jumla ya kipande hiki.*

Maneno ya mwisho ndiyo yanayomwokoa mratibu jioni.

Saa, jua na gari

Mwanga wa kutosha hupatikana muda mfupi kabla ya saa moja asubuhi. Vikosi viwe vituoni kabla ya hapo, kwa sababu saa tatu za mwanzo ndizo zenye thamani. Vipande vya mashariki vihesabiwe asubuhi, jua likiwa mgongoni. Aliyepangiwa Baboon Cliff asubuhi atatazama ndege weusi juu ya maji yanayometa, na hapo heroe mkubwa, heroe mdogo na yangeyange wote ni vivuli. Kama hakuna budi kuhesabia upande huo asubuhi, hesabu makundi kwa ukubwa wa umbo, na upambanuzi wa spishi uuache hadi alasiri.

Kuanzia saa nne joto huanza kutetemesha hewa juu ya maji. Mazigazi hayo hayatibiki kwa kukuza zaidi. Darubini ya miguu mitatu yenye ukuzaji wa 20 hadi 60 irudishwe kwenye 20 au 25, maana ukizidisha unakuza mtetemo. Baada ya hapo huja upepo, viwimbi vinainuka, na kibisi wanapotea kati yao.

Hifadhi hii ina simba, vifaru na nyati, kwa hiyo kushuka garini ni pale panaporuhusiwa au ukiwa na askari wa KWS. Hesabu nyingi, basi, hufanyiwa dirishani. Zima injini, kwani mtikisiko wake kwenye ukuzaji wa 30 unatosha kukuharibia hesabu, na laza darubini juu ya kifuko cha maharage au mchele badala ya kioo kitupu. Garini wanatosha watu wanne: anayehesabu, wa pili anayetazama anga na nyuma, mwandishi, na dereva. Mwandishi airudie kila namba kwa sauti kabla ya kuiandika. "Mia tatu arobaini" na "mia nne thelathini" hubadilishana mahali kwa urahisi wa kushangaza mtu akiwa amechoka.

Kundi la heroe

Kundi dogo, hadi mia mbili au tatu, lihesabiwe ndege mmoja mmoja, na kibonyezo cha kuhesabia mkononi. Zaidi ya hapo ni makadirio, na makadirio yana nidhamu yake. Hesabu kumi kwa uhakika, uone kumi wanachukua nafasi gani kwenye kioo. Panua hadi mia. Kisha mia hiyo iwe kipimo chako cha kulipima kundi zima. Kosa la kawaida la jicho lisilo na mazoezi ni kupunguza, na kadiri kundi linavyokua ndivyo linavyopunjwa.

Kuna njia bora kidogo kwa kundi lililojipanga kama utepe kando ya maji. Tuseme utepe huo unachukua vioo 18 vya darubini (kioo kimoja ni eneo lote unaloliona darubini ikiwa imetulia) ukiihamisha polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Kila kioo kikiisha, unashika alama (jiwe, kijiti, ndege mmoja aliyelala) ili kingine kianzie hapo. Hutahesabu vyote 18. Unahesabu cha 2, 5, 8, 11, 14 na 17. Unapata 210, 340, 520, 480, 300 na 130. Jumla 1,980, wastani 330, mara 18 ni 5,940. Unaandika 5,900, kwa kuwa ile 40 ya mwisho haina maana yoyote.

Angalia tarakimu hizo sita tena. Kundi ni nene katikati na jembamba pembeni, kama kawaida ya heroe wanaokula. Aliyechagua kioo kimoja tu cha katikati angeandika 520 mara 18, yaani 9,360. Aliyehesabu cha mwisho kwa sababu kilikuwa rahisi angepata 2,340. Watu wawili, kundi moja, na mmoja amepata mara nne ya mwenzake, wala hakuna aliyekosea kuhesabu. Walichokosea ni mahali pa kuhesabia. Ndiyo maana ya kuruka kwa hatua sawa, kila kioo cha tatu: jicho lisijichagulie.

Ndani ya kila kioo, hesabu miili. Shingo zinadanganya, kwani heroe anayekula kichwa chake kiko majini na shingo yake imejificha nyuma ya jirani. Ukiwa usawa wa maji, safu za nyuma hufunikwa na za mbele, na hapo hakuna ujanja wa darubini utakaokusaidia. Tafuta mwinuko, hata paa la gari lililofunguliwa, au kubali kuandika kwenye fomu kwamba kundi lilitazamwa kwa chini. Picha husaidia sana. Piga mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho wa kundi, kila picha ikipandana na iliyotangulia kwa theluthi moja, kisha zihesabiwe nyumbani juu ya kioo cha kompyuta kwa kuzichora miraba.

Kuwatenga wakubwa na wadogo hufanywa kwa sampuli pia. Pita kwenye kundi, tazama ndege 200 kwa mfuatano bila kuchagua, hesabu wakubwa. Wakiwa 24, hiyo ni asilimia 12, na kwenye kundi letu la 5,900 wanakuwa kama 700. Cha kutazama ni mdomo: wa heroe mdogo ni mweusi-mwekundu wote, na kwa mbali huonekana mweusi, wa mkubwa ni wa waridi na ncha tu ndiyo nyeusi. Rangi ya mwili si ya kutegemea. Makinda ya spishi zote mbili ni ya kijivu, na wageni huyaandika kama "spishi nyingine" au huyaacha kabisa. Yahesabiwe, na uwiano wake uandikwe peke yake. Hawakuzaliwa Nakuru, kwani heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana Ziwa Natron, lakini wingi wa vijivu hapa unaashiria kwamba huko kulikuwa na msimu mzuri mwaka mmoja au miwili nyuma.

Heroe mdogo anaweza kula akiogelea, maana anachuja maji ya juu juu. Ziwa likiwa na kina na maji yakitulia, wanaweza kuelea mbali katikati, kundi lililotawanyika ambalo kwa darubini ya mkono huonekana kama povu. Kikosi kilichozoea kuwatafuta ukingoni huwapita. Kabla ya kufunga fomu, pitisha darubini kwenye maji ya kati mara moja, polepole, kutoka mpaka wa kushoto hadi wa kulia.

Na usiwakaribie. Shingo zikiinuka zote kwa pamoja na kundi likaanza kutembea upande mmoja kama gwaride, umeshazidi, simama hapohapo. Wakiruka wataangukia kipande cha jirani na hesabu ya vikosi viwili imeharibika. Hata hivyo mara nyingi anayewarusha ni furukombe au kongoti, na hapo huna la kufanya zaidi ya kuandika saa, idadi na mwelekeo.

Miti mikavu

Migunga iliyokufa majini imekuwa mji. Mnandi wakubwa wa kifua cheupe hulala na kutaga humo, mnandi wadogo na yangeyange wakikaa nao, furukombe akiwa na mti wake. Wahesabiwe mapema, kabla hawajatawanyika kwenda kuvua, na mti kwa mti. Anza mti wa kushoto kabisa, taja namba yake, mwandishi aandike: mti wa 1, mnandi mkubwa 14, viota 6, mti wa 2, hakuna. Ukijaribu kuukadiria msitu wote kwa mkupuo, utawahesabu wanaoonekana angani tu na kuwasahau walio ndani ya matawi, ambao kinyesi chao cheupe kimewageuza rangi moja na mti.

Viota havijumlishwi na ndege. Vina safu yake.

Kibisi, wanaopiga mbizi, wana kanuni fupi: pita kipande mara tatu, chukua namba kubwa kuliko zote. Usichukue wastani, maana wakati wowote baadhi yao wako chini ya maji na kosa ni la upande mmoja tu.

Kuhusu kitwitwi na wahamiaji wengine wa tope kutoka Ulaya na Asia, hakuna mengi ya kusema. Tope lao limefunikwa. Watafutwe kwenye midomo ya mito na popote penye nyasi zilizoloa, na ukiona wachache usishangae.

Mwari hawasubiri

Mwari weupe wanaovua Nakuru wana uhusiano wa muda mrefu na Elmenteita, ziwa jirani la kusini-mashariki, ambako wamekuwa wakizaliana kwenye visiwa vya mawe tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 huku chakula kikitoka Nakuru. Ni ndege wazito, hawapendi kupiga mabawa bure. Husubiri ardhi ipate joto, hewa ianze kupanda, kisha hujizungusha angani na kuteleza kutoka ziwa hadi ziwa. Hilo huanza kati ya saa tatu na saa nne asubuhi.

Kwa hiyo mwari wahesabiwe kwanza, kabla ya kundi lolote la heroe, hata kama heroe wako mbele ya pua yako. Na Elmenteita ihesabiwe siku ileile, mapema vilevile. Nakuru ikihesabiwa Jumamosi saa tano na Elmenteita Jumapili asubuhi, mwari haohao watakuwa wameandikwa mara mbili au hawakuandikwa kabisa, na hakuna fundi wa takwimu atakayewatenganisha baadaye. Wale wanaoonekana wakizunguka juu wakati wa hesabu wana mstari wao: saa, idadi, walikotoka, wanakoelekea.

Kuisoma namba

Turudi kwa yule aliyesimama Baboon Cliff. Tuseme hesabu ya Januari imeonyesha heroe elfu chache tu, mahali ambapo makadirio ya zamani yalifika hata zaidi ya milioni moja. Je, wameisha?

Swali la kwanza la kumuuliza mleta namba ni asilimia ya ukingo. La pili ni hesabu ya Bogoria, Elmenteita na Magadi siku zilezile. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki ni jamii moja inayozungukazunguka mnyororo wa maziwa ya magadi kutoka Bogoria hadi Natron, Manyara na Eyasi, na wengine hufika vijiziwa vya kreta magharibi mwa Uganda. Ziwa moja likishuka na lingine likipanda, hiyo ni safari. Maziwa yote yakishuka kwa pamoja miaka kadhaa mfululizo, hapo ndipo pa kushtuka. Na hofu ya sasa haina mzaha, kwa sababu mvua zilizoijaza Nakuru zimeyajaza na maziwa mengine ya bonde lilelile. Bogoria nayo imepanda. Heroe mdogo tayari yumo kwenye orodha ya dunia ya spishi zinazokaribia kuwa hatarini. Anayesema "wamehamia Bogoria tu" bila kuleta fomu ya Bogoria ana tatizo lilelile la anayesema wameisha.

Jambo la tatu ni matumizi ya namba hiyo. Nakuru ilikuwa eneo la kwanza la Kenya kuingia Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 1990, na tangu 2011 imo kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Elmenteita na Bogoria. Miongoni mwa vigezo vya Ramsar kuna viwili vinavyotegemea hesabu moja kwa moja: ziwa kubeba kwa kawaida ndege wa maji 20,000 au zaidi, au asilimia moja ya jamii ya spishi fulani. Kwa hiyo mnandi na kukuziwa, ambao hakuna mtalii anayewapiga picha, wana uzito kwenye jumla kama heroe. Kikosi kinachowaandika "wengi" badala ya kuwahesabu kinaliibia ziwa.

Kazi ya siku hiyo haimaliziki vituoni. Vikosi vyote vikutane kabla ya mtu yeyote kutoka langoni, fomu zikiwa mezani, na mratibu asome mistari ya ndege walioruka kwa mpangilio wa saa. Saa 2:05, kipande cha 7, heroe 1,200 kwenda kusini. Nani aliwapokea? Wa kipande cha 9 anageuza karatasi: saa 2:15 waliingia kama 1,000, na amewajumlisha. Wanatolewa kwa kipande cha 9, wanabaki kwa cha 7 walikokuwa saa ya kuanza, na tofauti ya 200 inaandikwa pembeni kwa kalamu, pamoja na jina la aliyefanya marekebisho. Jambo hili huchukua dakika kumi kikosi kikiwa bado hapo na kumbukumbu ni mbichi. Ikifika Jumatatu, kwa simu, huyo wa kipande cha 9 atakwambia hakumbuki.